Wasomaji Wanauliza: Wazo la chuo likifika kijijini

Mwezi huu mmenijazia barua za aina moja, nadhani ni kwa sababu fildi, yaani mafunzo ya vitendo, inakaribia na kila mwenye wazo anatafuta pa kulipeleka. Wengi ni wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa, wapo na walimu, na yupo mzee mmoja mwenyekiti wa kijiji ambaye kanifurahisha sana. Barua nimezipunguza urefu, majina sijaweka.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu hapa Mbeya, tuna kagrupu ketu ka watu kumi na kitu wa kozi tofauti tofauti, tukaona na sisi tufanye kitu kwa jamii tusiwe watu wa kusubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, tu. Tukachagua lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, maana wengi wetu ni watoto wa wakulima wa viazi, tunaona wazazi wanavyoumia. Mwezi wa pili tukaenda kijiji kimoja huko juu Uporoto tukatoa elimu vizuri na mabango, watu walijaa. Wiki iliyofuata wakaja wazee wanne na watoto. Ya tatu mtendaji hakupokea hata simu. Tumekosea wapi, au watu wa kijijini ndo hawapendi maendeleo?

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho lifute kabisa, ukishazoea kulisema huwezi tena kumsikiliza mtu.

Siku ya kwanza walijaa kwa sababu walitaka kujua mmeleta nini, wakakuta mmeleta habari wanayoijua kuliko nyie. Mkulima wa Uporoto unamwambia lumbesa inamuibia? Yeye ndo anaona gunia linavyoshonewa kilemba juu, anajua limeshapita zile kilo 100 ambazo sheria ya vipimo inataka zisizidi, na bado analipwa hela ya gunia moja. Anajua vizuri sana. Shida yake ni kwamba viazi vimeshachimbwa viko pembeni ya shamba, wingu limetanda, lori limefika, dalali kasimama pale anasema kama hutaki mama mi nasogea kwa jirani, na jirani kweli anauza. Afu kuna ada ya mtoto. Sasa hapo bango lenu linamsaidia nini?

Mimi ningewauliza hivi: kitu gani kikiwepo siku ile lori linafika, huyo mama anaweza kusema hapana bila kulala njaa? Mkikaa na hilo swali mtaona kazi ziko nyingi na zinagawanyika kufuatana na kozi zenu. Kuna mizani, na sio mizani yoyote, iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo mtu wenu wa uhandisi afuatilie inapatikanaje na inatunzwaje. Kuna sehemu moja ya kuuzia, maana lori likiingia shamba kwa shamba kila mtu anauza peke yake na aliye peke yake anashindwa. Kuna bei, yaani leo asubuhi viazi kwenye masoko ya Dar, Mabibo au Temeke, vimeuzwaje, hii ni kazi ya simu moja tu ila lazima ifanyike kila siku. Na mwenye sheria awasaidie kijiji kwenye sheria ndogo, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga, wananchi wanaijadili kwenye mkutano mkuu, afu inapanda halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe ndo iwe na nguvu. Hiyo ya mwisho inachukua muda na nyie mwezi wa saba mnamaliza mnaenda zenu Dodoma na Dar kutafuta ajira, kwa hiyo msiishike nyie. Na ile ya bei nayo tafuteni kijana wa pale pale kijijini, na hakosekani, yule ambaye tayari ana mjomba sokoni Dar anampigia kila siku, huyo ndo kituo chenu cha bei. Nyie mkae nyuma yake.

Tena, mwezi wa pili! Watu wako kwenye palizi. Mliwaita saa tatu asubuhi nina uhakika.

Kuhusu mtendaji, msimtafute kwa simu, nendeni ofisini na barua ya chuo mkamuulize kijiji kwenye mpango wake wa mwaka huu kimeandika nini kuhusu soko. Akiona mmekuja kuuliza kabla ya kufundisha atapokea simu.

Habari za kazi Mwalimu. Nafundisha chuo kimojawapo hapa Iringa mjini, kila mwaka wanafunzi wangu wanatakiwa kuandika andiko la mradi wa kubadilisha jamii na zaidi ya nusu wanachagua udumavu. Shida ni kwamba yote yanafanana, "kutoa elimu ya lishe kwa wananchi" mwanzo mpaka mwisho, unaweza kubadilisha jina la kijiji tu. Nifanyeje wafikiri zaidi?

Salama mwenzangu, pole na makaratasi.

Nianze na namba maana kuna watu mpaka leo hawaamini. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchi nzima ni 30 katika kila 100. Iringa ni 57. Njombe na Rukwa ni kama 50. Ndo hii hii mikoa inayolisha nchi mahindi, kwa hiyo mwanafunzi akiandika "wananchi hawana chakula cha kutosha" mrudishie karatasi yake, hajatoka nje ya hosteli.

Kingine ni umri. Udumavu unajijenga hasa kwenye zile siku 1000 za mwanzo, toka mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, sasa maandiko mengi niliyoyaona yanapeleka uji darasa la tatu. Uji shuleni naupenda, mtoto anakaa darasani akiwa na kitu tumboni, ila usiuite mradi wa udumavu, huyo wa darasa la tatu kimo chake kilishaamuliwa siku nyingi.

Ningekuwa wewe ningefuta neno elimu kwenye hilo asaimenti kwa semista moja. Nawapa swali moja tu: kwenye nyumba hii, mtoto wa mwaka mmoja saa nne asubuhi anakula nini na nani anamlisha? Waende nyumba tano, Kilolo sio mbali, wakae, wasiende na dodoso. Watakachokikuta ni mama ametoka saa kumi na mbili kwenda shamba, mtoto kaachwa na bibi au na dada yake ambaye mwenyewe ana miaka saba, kuna uji wa mahindi mtupu umepikwa alfajiri, mwepesi kama maji ili usigande, na ndo huo huo mpaka jioni. Maharage yamo ndani ila ni ya kuuza. Mayai yapo ila ni ya kuuza. Msimu wa mvua ambao ndo kazi za shamba zimekolea ndo na ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa, na wapo watoto wanaoonjeshwa. Ukimuuliza yule mama kuhusu makundi ya vyakula atakutajia yote, kayasikia kliniki mara ngapi? Hakosi maarifa, anakosa mtu wa saa nne asubuhi.

Ukishafika hapo mawazo yanaanza kutofautiana yenyewe. Nyumba yenye bibi inahitaji kitu kingine na nyumba yenye dada wa miaka saba inahitaji kingine. Mmoja atakuja na wazo kwamba akina mama wanaolimiana kwa zamu wamuache mmoja wao pembeni ya shamba na watoto na sufuria. Mwingine ataona baba ndo anauza maharage kwa hiyo aongee na baba, na huyo atakuwa ameona mbali, maana mabango yote ya lishe niliyowahi kuyaona yana picha ya mama.

Afu wasijifanye wa kwanza kufika. Kijiji kina siku ya afya na lishe kila robo mwaka, watu wanaiita SALIKI, kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kuna afisa lishe wa halmashauri. Kuna pia mkataba wa lishe ambao viongozi wa mikoa na wilaya wanasaini, na halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwanafunzi wa uchumi au utawala aende aulize kwa adabu mwaka jana zilitengwa ngapi, zikatoka ngapi, zikanunua nini. Hapo kwenye kuuliza hela ndo naona wanafunzi wetu waoga, na sisi walimu wao ndo tumewafundisha huo uoga.

Na maksi, mpe nyingi atakayerudi akasema wazo langu la kwanza halikufaa na sababu ni hizi. Ukimkata huyo, mwakani wote watakuandikia elimu ya lishe.

Kamwene Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji wilaya ya Mufindi. Kila mwaka wanakuja vijana wa vyuo na madodoso, wanauliza una ng'ombe wangapi, unakula mara ngapi, unapata shilingi ngapi, wanatupiga picha, wanaondoka. Mwaka unaofuata wanakuja wengine wanauliza yale yale. Wananchi wameanza kujibu uongo. Mimi mwenyewe nilisema nina ng'ombe arobaini.

Kamwene mzee wangu, shikamoo. Na hao ng'ombe arobaini wako kwenye tasnifu ya mtu saa hizi, kapata digrii yake safi!

Mzee una nguvu kuliko unavyodhani. Mwanafunzi akija halali anakuwa na barua ya chuo ambayo imepita kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, kata, mpaka kwako. Wewe ndo mlango wa mwisho. Mwambie mtendaji afungue daftari moja ofisini, kila anayekuja anaandika anatafuta nini, chuo gani, msimamizi wake nani, na tarehe ya kurudisha majibu. Anayefuata akija na swali lile lile mfungulie daftari mwambie mwenzio alishauliza, kamtafute. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo nafasi ya kurudisha majibu ipo, mwanafunzi asimame dakika kumi awaambie wananchi alichokikuta, kwa Kiswahili, bila ile lugha ya ripoti. Asipoweza kurudi atume karatasi mbili tu mtendaji azisome. Na picha za watoto muwaulize zinaenda wapi.

Wanafunzi mnaosoma hapa, mmemsikia mzee.

Mambo dada Mwalimu, mimi ni fesiyia, mwaka wa kwanza, nina wazo la kugawa taulo za kike shule ya sekondari ya kata jirani na chuo ila naogopa kuliongelea darasani wavulana watacheka.

Poa mdogo wangu. Wacheke, wana dada zao.

Kugawa ni sawa ila paketi moja inaisha mwezi huo huo. 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ili bei ishuke, bei madukani haikushuka, 2019 ikarudishwa, kwa hiyo hata njia kubwa zenye nia nzuri zinaweza zisimfikie msichana. Nenda kwanza kwa matroni au mwalimu wa malezi, muulize wasichana wanakosa siku ngapi na kwa nini. Mara nyingi utasikia choo hakina mlango, hakuna maji, hakuna pa kutupia. Mlango wa choo mnaweza kuuchangia darasa zima, na fundi yupo. Taulo za kitambaa za kufua wanaweza kushona wenyewe mkimpata fundi cherehani wa kuwaelekeza, ila bila maji na sehemu ya kuanikia utakuwa umewaongezea kazi ya kuficha.

Mwalimu, tuko mwaka wa pili, tunataka kusajili klabu yetu ya kufanya usafi soko la Mwanjelwa ili tupate ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Tuanzie wapi?

Ile asilimia 10 inagawanywa wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Lakini ni mkopo wa kikundi chenye shughuli ya kuingiza kipato, utarudishwa. Klabu ya kufanya usafi soko la Mwanjelwa italipaje? Kama kweli mna biashara mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama hamna, msijitie deni mkiwa mwaka wa pili.

Shikamoo. Hii inaniuma. Darasani nilitoa wazo kuhusu taka za sokoni kutengeneza mkaa, nilikuwa nimelifanyia kazi nyumbani kabisa na sampuli nikaleta. Mwalimu akasifia. Miezi kadhaa baadaye nasikia ameliombea hela kwenye andiko, jina langu halipo. Nikisema nitafelishwa?

Marahaba, pole sana, na hauko peke yako, nina barua nyingine mbili za namna hii sijazichapa.

Ukweli mchungu ni kwamba wazo likiwa kichwani au limesemwa tu mdomoni sheria ya hakimiliki haililindi, inalinda kile kilichoandikwa, kilichochorwa, kilichorekodiwa. Na mkaa wa taka wenyewe sio mpya, watu wanatengeneza sehemu nyingi, kwa hiyo usiende na maneno ya kuibiwa. Chako ni ile kazi uliyofanya, vipimo vyako, umechanganya nini kwa nini, umekausha siku ngapi, umewasha ukaona nini. Hayo yaandike leo hii kama hujaandika, weka picha na tarehe, jitumie kwa barua pepe.

Baada ya hapo mwendee mwalimu ofisini, sio koridoni, umwambie mwalimu nimesikia andiko limeenda, nimefurahi, nina data za majaribio yangu na ningependa niingie kwenye timu kama mshiriki. Mpe njia ya kufanya lililo sawa. Walimu wengine kweli wanasahau wazo lilitoka kwa nani, wengine hawasahau. Akikuzungusha, nenda kwa mkuu wa idara na ile barua pepe yako yenye tarehe, na uende na mwakilishi wa darasa. Kufelishwa ni hofu ya kweli siwezi kuikebehi, ndo maana nataka uende na karatasi na shahidi.

Na walimu wenzangu, jina la mwanafunzi kwenye andiko halipunguzi shilingi hata moja. Linaongeza, wafadhili wanapenda kuona vijana.

Habari Mwalimu, mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari wilayani Rungwe, niko peke yangu na vidato vyote vinne. Natamani wanafunzi wa ualimu wa vyuo vya Mbeya waje wanisaidie ila sijui naanzaje, na likizo zetu haziendani.

Nzuri mwalimu, pole na mzigo. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wanaofaulu hesabu nchi nzima hawafiki hata theluthi moja, kwa hiyo wito wako una uzito.

Likizo kweli haziendani. Nyie mnafunga mwezi wa sita, wao ndo wanajiandaa na mitihani ya mwisho wa mwaka. Wao wakitoka mwezi wa nane nyie mko kazini. Lakini hapo hapo ndo pazuri, kuanzia Agosti mpaka Oktoba mvua ni chache, barabara zinapitika, na kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba. Usiombe wageni wa kuwatafutia nyumba, tafuta watoto wa hapo hapo Tukuyu na vijiji vya jirani wanaosoma Mbeya, wanarudi kwao, wanalala kwao, wanakula kwao. Uliza wazazi kanisani na sokoni utapata orodha ndani ya wiki mbili. Wengine walisoma shule hiyo hiyo.

Ruhusa ianze kwa mkuu wa shule yako, naye amwandikie afisa elimu sekondari. Vipindi viwe alasiri na Jumamosi asubuhi, darasa lenye madirisha wazi, na wewe au mwalimu mwingine awepo eneo la shule. Kijana wa miaka 22 na wasichana wa kidato cha nne, weka sheria mapema kwamba hakuna kupeana namba za simu, uwaambie wote wakiwa wamekaa pamoja.

Kazi usiwape ya kumaliza silabasi, hiyo ni yako. Wape watoto walioachwa nyuma, makundi ya watu wanane nane hivi, na waanze chini kabisa hata kama ni kidato cha nne. Sehemu, desimali, asilimia, namba hasi. Mpe kila mtoto maswali kumi siku ya kwanza bila kuweka maksi, uone anakwama wapi, utashangaa wangapi wanakwama kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Chaki na karatasi za kurudufu uongee na bodi ya shule kabla vijana hawajafika, nauli ya Jumamosi nayo muiweke wazi mapema maana wakianza kutoa mfukoni wiki ya tatu hawaji.